Fisi Anayetembea Kama Papa

"Ni Mzee Okwakol! Huyo fisi ni Mzee Okwakol!"

Ukumbi wa kanisa pale Malaba ukalipuka. Watoto wakaruka juu ya benchi, wakashika viuno, wakavuta mguu wa kushoto vile fisi alikuwa anauvuta kwa skrini.

Na Mzee Okwakol mwenyewe alikuwa amekaa mbele kabisa, na koti lake la Jumapili.

Huyo mzee ni baba yangu mzazi. Na huyo fisi... ni mimi nilimchora!

Msinitukane bado. Ngojeni niwaambie.

Naitwa Asekenye. Nachora katuni kwa studio moja ndogo hapa Busia. Katuni yetu ya kwanza ilikuwa ya Atyang, msichana anayeimba akifukuza wezi wa ngoma. Watoto waliipenda, mpaka kule Khunyangu wanaenda shule wakiimba nyimbo zake.

Sasa tulikuwa kwa sehemu ya pili. Adui mpya ni Fisi Magunia. Anavusha mali ya wizi kwa njia za panya, huku anaimba.

Shida ilikuwa mwendo wake. Bosi wangu, Paulinus, aliangalia kazi yangu akasonya.

"Asekenye, huyu fisi anatembea kama roboti!"

"Sasa nifanye aje, boss?"

"Tafuta mtu wa ukweli. Mrekodi akitembea, halafu umfuatishe. Lakini muombe kwanza."

Mtu wa kwanza kuja kwa akili yangu alikuwa papa. Sisi Wateso baba tunamwita hivyo. Alibeba watu na magunia kwa baiskeli hapo mpakani miaka mingi, mpaka goti likaharibika. Akitembea anavuta mguu, bega linashuka, mkono uko kiunoni.

Wikendi nikaenda nyumbani. Nikatoa simu.

"Papa, hebu tembea kutoka mlangoni mpaka kwa kisima."

"Ya nini?"

"Ya kumbukumbu tu."

Akacheka. Akarudi ndani kubadilisha shati! Halafu akatembea, akanipungia mkono.

Nilimdanganya hivyo, peupe. Na yeye akaniamini.

Kazini nikafungua video, nikakasirika. Siku hiyo hata hakuchechemea vizuri! Nikaongeza mwenyewe kutoka kichwani. Mguu nikauvuta zaidi, bega nikalishusha zaidi. Paulinus alicheka mpaka machozi.

Tulipoenda Malaba kuonyesha kipande cha majaribio, sikumwalika papa. Alisikia imetangazwa kanisani, akaja kuona kazi ya mtoto wake.

Sasa rudini na mimi pale ukumbini.

Papa alisimama. Mlango ulikuwa nyuma, kwa hivyo ilibidi apite katikati ya watu wote. Kila akiweka mguu chini, watoto wanaimba wimbo wa fisi.

Na mimi mtoto wake nilifanya nini?

Nilijificha nyuma ya spika!

Baada ya hapo nikimpigia papa simu hashiki. Majirani wakaniambia haendi sokoni tena, watoto wanamfuata barabarani wakimwiga.

"Boss, tubadilishe mwendo wa fisi. Nilimchora baba yangu. Sikumuomba."

"Na sahi ndio unaniambia? Huyo fisi ndiye watoto wamependa! Mimi hata sauti ya kumwimbia sijapata, kile kipande niliimba mwenyewe tu, niliwatangazia watu pale Malaba na hakuna aliyekuja. Wewe unaniletea mambo ya miguu?"

Nikarudi kwa kompyuta yangu nikalia.

Halafu Alhamisi, mchana, nikasikia mtu anapanda ngazi zetu. Hatua moja nzito... moja ya kuvuta...

Nikajua ni nani.

"Nani hapa anatafuta sauti ya fisi?" papa akauliza. Hakuniangalia. "Miguu mlichukua bila kuniuliza. Sauti nimeleta mwenyewe."

Akaingia chumba cha kurekodi. Akaimba na ile sauti yake ya kukwaruza, ile alikuwa anaitia wateja hapo mpakani. Paulinus alibaki mdomo wazi.

Alipotoka nikapiga magoti.

"Papa, nisamehe. Watoto wamekucheka juu yangu."

"Watoto ni watoto. Watacheka wachoke."

"Sasa kilichokuuma ni nini, papa?"

Akakaa kwa kiti, akashika goti. Halafu akasema polepole...

"Siku ile ya simu, goti lilikuwa linaniuma vibaya sana. Nikajikaza. Ulisema ni ya kumbukumbu. Nilitaka siku nikienda, unikumbuke nikitembea sawa."

Woi! Jamani!

Nikafungua ile video. Taya imekaza, jasho linatiririka, na bado ananitabasamulia. Niliiangalia siku nzima nikitafuta mguu tu. Baba yangu sikumwona.

Nikachora mwisho upya. Fisi Magunia anafika nyumbani, mtoto wake anachungulia dirishani. Fisi anatua gunia, anajinyoosha, anatembea sawa mpaka mlangoni. Paulinus aliikubali mara moja. Tulipoonyesha tena Malaba, pale mwishoni hakuna mtoto alicheka. Siku hizi wakikutana na papa njiani wanamuomba awaimbie.

Wewe unayesoma hii, ukitaka kitu cha mtu, hata kama ni mwendo wake tu, muombe. Usimdanganye eti ni kumbukumbu.

Papa alinisamehe. Lakini mpaka leo nikienda nyumbani, akiniona tu pale getini, anatoa mkono kiunoni, anajikaza, anakuja kunipokea akitembea sawa.

Namwambia, "Papa, wacha."

Hawachi.