Sahani Iliyoota Bila Kupakwa

Kila siku, kwenye maabara ya hospitali ile, sahani moja ya kuoteshea bakteria huachwa tupu makusudi. Haipakwi makohozi wala usaha wa mgonjwa yeyote. Hulazwa kwenye kabati la joto pamoja na nyingine, na kesho yake ikibaki safi, wapimaji hujua vyombo havina uchafu. Asubuhi hiyo sahani tupu ilikuwa imeota.

Mpimaji aliyeifungua walimwita Pua, maana alikuwa akitambua bakteria kwa harufu kabla mashine haijapata moto. Kunusa sahani ni marufuku, lakini mazoea yana taabu. Alinusa. Ikamjia harufu ya papai lililoiva kupita kiasi, na chini yake harufu ya maharage, mayai na maziwa, chakula alichompikia mdogo wake jana.

Mdogo wake alikuwa amelazwa wodi ya mapafu, ghorofa ya chini. Dawa zilishawashinda bakteria, lakini mwili ulizidi kuyeyuka. Mtaalamu wa lishe aliongeza mafuta, akaongeza mayai, mwisho akaishuku mizani. Binti yake Pua, ambaye kwa domo lake walimwita Kasuku, alimpelekea mjomba wake chakula kila alipotoka shule, akarudi na bakuli lililorambwa.

"Mama, mjomba anakula kutushinda sote," alisema Kasuku. "Sasa kinaenda wapi?"

Pua aliipeleka sahani kwa Bi Mkuu, msimamizi wa maabara. Huyo ndiye aliyemfundisha kazi, ndiye aliyemshika mkono alipojifungua Kasuku, na nyumba nzima ya kina Pua ilimwita mama. Bi Mkuu aliitazama sahani, akafunga mlango.

"Umeinusa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeinusa. Mama, hiki ni nini?"

"Kaa kwanza."

Kabla Pua hajakaa, ndani ya kabati la joto ilisikika sauti ya kutafuna, taratibu, kama ya mtu aliyefunzwa adabu za mezani.

"Nilimkuta humu," Bi Mkuu alinong'ona. "Ni jini. Hataki damu. Anataka kula kwa kinywa cha mtu, na mtu anabaki na njaa. Mwanangu alipolazwa alimwingia, nikaona anaisha. Nikachukua makohozi ya mgonjwa mwingine, nikapaka sahani tupu, jini akahamia kwa mgonjwa huyo. Yule alipokufa akarudi kwa mwanangu. Lakini makohozi hayaoti hivi hivi. Lazima yatoke kwa mtu anayemwamini yule aliyemshikia kikopo cha kukoholea."

"Na cha mdogo wangu nani alikishika?"

"Mimi. Aliniita mama, akakohoa."

Kikulacho ki nguoni mwako, na koti jeupe alilovaa Pua lilishonwa na Bi Mkuu mwenyewe. Iliuma kuliko msiba. Aliyemkabidhi kila kitu ndiye aliyechagua nani wa nyumba yake aliwe, na usiku ule ule akaja kula kwao na kusifu mapishi.

Pua alichukua kikopo kipya, akakiweka mbele yake. "Basi kohoa wewe."

Bi Mkuu alisita, kisha akakohoa. Pua akapaka sahani kwa mkono wake. Kesho yake ilikuwa nyeupe, safi. Bi Mkuu hakumwamini hata chembe.

Pua alishuka wodini, akamweleza mdogo wake yote huku ameshika mkono uliobaki mifupa. "Waliobaki kuniamini ni wewe na Kasuku," alisema. "Na Kasuku hata simfikirii."

"Usimfikirie, dada. Mimi nitavumilia."

Wiki ile mizani ikapanda. Mashavu yakarudi, mtaalamu wa lishe akajipongeza, na Pua akalia kwa furaha chooni ili wenzake wasimcheke. Hadi alipofungua kabati la joto akakuta sahani tupu imefunikwa yote, mpaka utando umetambaa juu ya kifuniko, na ndani ya ile harufu ya papai akatambua chai ya tangawizi na mkate wa siagi aliouandaa kwa mikono yake asubuhi hiyo, nyumbani, kwa mtoto mmoja tu, akashuka ngazi akiomba pua yake iwe imekosea kwa mara ya kwanza maishani.

Mdogo wake alikuwa ameketi kitandani. Hakumtazama.

"Nani alimshikia Kasuku kikopo?"

"Bi Mkuu alikileta tu."

"Sijauliza aliyekileta."

"Nilikuwa nakufa, dada," alisema. "Nilimwambia akohoe hapa. Hata hakuuliza kwa nini. Na yule mtoto huuliza kila kitu."

Pua alirudi nyumbani kabla ya saa za kazi kwisha. Kasuku alikuwa mezani na sare yake ya shule, anatafuna taratibu, kwa adabu ambayo hakuwahi kuwa nayo. Hakusalimia wala hakusimulia ya shuleni. Chumba kilinuka papai, na mikono ya sare ilikuwa imeanza kumpwaya.

Alimaliza, akalisogeza bakuli.

"Niongeze, mama."

Mama yake alichukua upawa, akamwongeza.