Kikombe cha Mjomba Rula

Kila asubuhi nyumbani kwa fundi viatu ilianza na ugomvi.

"Nani kagusa kikombe changu?"

Kikombe chenyewe cha bati tu, rangi ya buluu. Kilikaa pembeni mwa meza, mkono wake umeelekea dirishani. Ole wako ukikigeuza! Fundi alizaliwa na usonji. Alitaka kila kitu kikae kwenye mstari, ndiyo maana wapwa zake walimwita Mjomba Rula. Mwenyewe jina alilipenda.

Alipofika miaka sitini na kitu, ugomvi ukaisha. Ukihamisha kikombe, kimya. Ukichanganya viatu vya wateja, kimya.

"Mama, mjomba kalainika!" binti akacheka. "Kumbe uzee dawa!"

Mama yake, dada wa fundi aliyeishi naye, akamshukuru Mungu. Baada ya kelele zote hizo, jamani, nani asingeshukuru? Kisha siku moja akamkuta kaka yake kazini, kashika sindano na uzi, hajui aanzie wapi. Akawaeleza majirani.

"Si ndivyo alivyo siku zote?" majirani wakasema. Hakuwasikiliza. Akampeleka zahanati.

"Usimpime na watu wengine," muuguzi akamwambia. "Mpime na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Mtu wa kugomba akinyamaza ghafla, si kupoa huko. Ni dalili."

"Na mimi nilifurahi!" Dada akalia. "Ndugu niliyebaki naye ni huyu tu. Mtamchukua akakae hospitali?"

"Hatumchukui, dada yangu. Atakwenda kupimwa tu, kisha arudi."

Hospitali wakampima damu, masikio na kumbukumbu. Ulikuwa mwanzo wa ugonjwa wa kusahau.

"Wenye usonji wamechunguzwa sana wakiwa watoto," muuguzi akaeleza waliporudi zahanati. "Wakizeeka, tunajua kidogo mno. Sasa watafiti wamepata fedha za kuwafuatilia."

"Fedha hizo si zingenunua dawa?" dada akauliza.

"Ugonjwa usioujua, dawa yake utainunua wapi?"

Muuguzi akamgeukia fundi. "Mzee wangu, uamuzi ni wako. Watafiti waje kukuona?"

"Siku gani?"

"Siku yoyote."

"Siku yoyote si siku."

"Haya, Jumanne."

"Jumanne nakubali."

Nyumbani mambo yakabadilika. Dada akabandika picha za hatua za kushona mbele ya kiti cha fundi. Kila kitu kikarudi mahali pake, kwa sababu mazoea ndiyo mkongojo wake. Binti akawa anakaa naye asubuhi wakishona pamoja. Ugonjwa haukuondoka, lakini hofu ilipungua, na sindano ikatembea tena.

Jumanne moja dada alikuwa mbioni kuwaandalia watafiti meza. Akasukuma kikombe bila kuangalia.

"Dada! Nani kagusa kikombe changu?"

Dada akasimama, machozi yanamtoka, anacheka.

"Ni mimi, kaka. Nisamehe."

"Kirudishe!"

"Nakirudisha," akasema. "Lakini hebu gomba tena kidogo."