Dola ya Bibi Severina

Ibada ilikuwa imekwisha, na watu wa kanisa la Kilutheri pale Soweto, Mbeya, walikuwa wamejazana uwanjani wakisubiri kile ambacho wengine, Mungu awasamehe, hukisubiri kuliko mahubiri: mnada wa sadaka. Maana si kila mtu hutoa pesa. Yupo anayetoa kuku, yupo anayetoa debe la viazi, na vyote hunadiwa nje. Ukinunua, si lazima ubebe mwenyewe; unaweza kutaja mtu apewe. Ndoa nyingi za Soweto zimeanzia kwenye mkungu wa ndizi, mimi nawaambia.

Mzee Clement, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuamsha mitaa mitatu, aliinua kitu kidogo cha mviringo.

"Sadaka ya shukrani. Dola ya Kimarekani, ya madini ya fedha, ya zamani sana. Ametoa bibi mgeni wetu aliyekuja kutibiwa macho. Nani ana elfu tano?"

Viazi vingegombewa, lakini dola ya zamani hailiki. Ezron, fundi saa wa soko la Mwanjelwa, kijana mrefu aliyevaa suti ya kijivu, aliona aibu kwa niaba ya yule bibi asiyemjua. Akanyoosha mkono.

"Elfu ishirini."

"Elfu ishirini mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Apewe nani?"

Hilo Ezron hakuwa amelifikiria. Macho yake yakatua kwa dada mmoja aliyejikinga jua kwa kitabu cha nyimbo, gauni lake la kitenge cha kijani limemkaa vizuri kiunoni, mikono ya gauni imevimba kama maandazi.

"Apewe dada yule wa kijani."

Vigelegele vikapigwa. Dada akaja mpaka mbele yake, sarafu kiganjani.

"Kaka, unanijua?"

"Hapana."

"Sasa umenipa hela ya Marekani, nikanunue nini nayo Mwanjelwa?"

"Ningekupa mayai yangevunjika."

Akacheka, na Ezron akajua kwamba Jumapili yake imeshaharibika, maana hatafikiria kitu kingine.

Aliitwa Yusta, kwao Ipogolo, Iringa. Alikuwa anauza mapazia Mwanjelwa, hatua mia mbili kutoka meza ya Ezron, na kwa miaka miwili walikuwa wamepishana bila kusalimiana. Sasa wakawa hawapitishi saa moja bila simu.

"Umekula, fundi?"

"Nile nini, na wewe hujaja?"

"Njaa yako usinisingizie mimi."

Ndivyo walivyokuwa. Ila siku moja, wakinywa chai ya maziwa kwa mama mmoja pale sokoni, Yusta alimweleza jambo bila utani. Alikuwa na mchumba zamani. Walipoachana, yule bwana alidai simu aliyomnunulia, akadai mkoba, akadai hata mwavuli.

"Mwavuli, Ezron. Na mvua inanyesha."

"Ukampa?"

"Nikampa. Nikalowa mpaka nyumbani. Tangu siku ile, mtu akinipa kitu kisha akakitaka tena, mimi na yeye basi."

Ezron akaapa kwamba yeye si wa hivyo, na aliapa kwa moyo safi.

Mwezi wa nne Yusta alimletea ile dola mezani. "Itoboe, mpenzi, niivae shingoni. Nataka watu waulize, niseme ni ya mnada."

Ezron akavaa kioo chake cha kukuzia jichoni, akashika keekee, akatafuta pa kutoboa. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mwanamke na mwaka 1893. Upande wa pili palikuwa na tai, na chini ya shada la majani, herufi S ndogo iliyokaribia kufutika. Fundi saa huona mambo madogo. Aliwahi kusoma kwenye simu kuhusu watu wanaokusanya sarafu, namna wanavyohangaikia mwaka na herufi. Akaweka keekee chini.

"Niachie kidogo. Keekee imekuwa butu."

Haikuwa butu. Aliipeleka sarafu kwenye sumaku, haikunasa. Akaipeleka kwa Saulo, sonara jirani, ikapimwa, uzito ukawa sawa kabisa. Akatuma picha kwa mfanyabiashara wa sarafu Dar es Salaam, na yule mtu akapiga simu mwenyewe, akasema: ikiwa halisi, hainunuliwi chini ya milioni kumi. Na asithubutu kuitoboa wala kuisugua.

Ezron alikaa chini. Aliyemjia kichwani kwanza ni yule bibi. Je, alijua alichotoa? Halafu akamfikiria Yusta. Nikimwambia, alijisemea, nitakuwa nimemtega. Akiing'ang'ania, nitamwona vingine; akiirudisha, nitakuwa nimemnyang'anya zawadi. Hapo ndipo alipokosea, na mimi simtetei. Akachagua kunyamaza kwanza, amtafute bibi.

Wiki tatu zikapita.

"Fundi, mkufu wangu?"

"Bado kidogo, mpenzi."

"Keekee hiyo inanolewa wapi, China?"

Alikuwa bado anatania. Kesho yake akapita kwa Saulo, naye Saulo, aliyekuwa ameambiwa bei na Ezron, kwa nia njema tu, akamwambia, "Shemeji, hongereni. Dola ya milioni kumi si mchezo."

Yusta akasimama pale na furushi la mapazia kichwani. Miguu ilikuwa inataka kwenda kwa Ezron ikamwaibishe mbele za watu, akaikataza. Jioni akapiga simu.

"Ezron, sarafu yangu iko wapi?"

"Ipo, mama. Nipe siku chache tu, kuna jambo…"

"Mwavuli," akasema Yusta, akakata.

Tajiri wake, mwenye yale mapazia, alikuwa anatafuta mtu wa kusimamia duka la Iringa. Kabla ya wiki kwisha Yusta alikuwa Iringa mjini, namba ya Ezron ameifungia. Usiseme hakulia. Alilia, akiwa anapima kitambaa cha mteja, na mteja akaondoka na nusu mita ya bure.

Ezron naye alikwisha. Mzee Clement alikuwa amempa jina la bibi: Severina, wa Igowole, kule Mufindi. Akapanda basi kwenda kumwona. Lakini njiani, milima ikipita dirishani, akajiona alivyo: anawaamulia wanawake wawili mambo yao bila kumuuliza hata mmoja. Basi lilipofika Mafinga, panaposhukiwa na wa Igowole, hakushuka. Akaongeza nauli mpaka Iringa, alikoambiwa pale Mwanjelwa kwamba Yusta amehamia.

Alimkuta Yusta dukani, juu ya ngazi, gauni la bluu, anatundika pazia.

"Shuka, Yusta. Nimeleta kilicho chako."

"Kiweke hapo mezani uende."

Akakiweka. "Ni milioni kumi, au zaidi. Ukiuza ni zako, mimi nilishatoa mbele ya kanisa zima. Nilinyamaza kwa sababu ya yule bibi. Niliogopa hakujua anachotoa."

Yusta akashuka taratibu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakataa kumrudishia."

Hapo Yusta akakasirika kweli. "Kwa hiyo uliniona mlafi. Mimi, nimnyime bibi wa watu?"

"Na wewe uliniona mwizi."

Mteja mmoja aliyekuwa anachagua zulia akajifanya hasikii.

"Basi tumedhaniana vibaya wote," akasema Yusta, na machozi yakamtoka huku anacheka. "Nisamehe, fundi. Kesho twende kwa bibi."

"Ndaga fijo," akasema Ezron. Kinyakyusa kilimtoka chenyewe. Asante ya Kiswahili haikumtosha.

Igowole walifika asubuhi ya ukungu, mashamba ya chai yamelowa pande zote. Bibi Severina alikuwa nje ya nyumba yake anapembua maharage, moja moja, kwa raha ya mtu anayeyaona.

"Kamwene," akawasalimu.

"Kamwene, bibi."

Wakamweleza yote. Yusta akaiweka dola kwenye ungo, juu ya maharage. Bibi akaiinua kwenye mwanga.

"Nilipewa na mwalimu wa kike Mmarekani aliyenifundisha kusoma. Baadaye macho yakafunga, miaka tisa. Walipoyafungua kule Mbeya, nikaisoma tena hii hela, nikaitoa."

"Lakini bibi," akasema Ezron, "ina thamani ya milioni kumi. Ulijua?"

Bibi Severina akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza kama moto unaunguza.

"Mmetoka mjini kuja kuniambia kwamba nilimpa Mungu kitu cha thamani. Mjukuu wangu, nilijua. Kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Ningempa kibovu?"

Akairudisha mkononi mwa Yusta, akaukunja mkono ule kwa vidole vyake.

"Nilichotoa sidai."

Yusta alipiga magoti palepale na gauni lake, hakujali tope. Kulikuwa na mtu duniani ambaye akitoa ametoa.

Dola iliuzwa, haikutobolewa. Sehemu ya kwanza Yusta aliipeleka kwenye matibabu ya macho ya wazee wa Igowole. Sehemu iliyobaki alifungulia duka lake mwenyewe la mapazia, Mwanjelwa. Bibi alikataa pesa, lakini blanketi zito alilipokea, maana Igowole ina baridi.

Na Jumapili ya mavuno, pale Soweto, Mzee Clement aliinua jogoo mwekundu, mkubwa, anapiga mbawa.

"Elfu thelathini," ikasema sauti ya kike.

"Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Apewe nani?"

"Apewe fundi saa wa suti ya kijivu," akasema Yusta. "Ila asimle. Ampeleke Ipogolo kwa baba yangu, pamoja na wazee wake. Baba anawasubiri."

Uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele. Ezron akapokea jogoo, suti ikajaa manyoya, macho yamemlowa.

"Na huyu hutamdai?" akamuuliza kwa chini.

"Nikuache ulowe?" akasema Yusta, akamshika mkono mbele ya wote.