Sahani Moja na Baba

Mzee alilamba mfuniko wa sufuria.

Lilikuwa jambo dogo, na mtu mwingine angecheka akaendelea na yake. Lakini huyu alikuwa fundi saa mstaafu, mtu aliyefanya kazi miaka arobaini akiwa na kibano mkononi na kitambaa cheupe mapajani. Nyumbani hakuwahi kunywa maji kabla ya kuinua glasi na kuitazama kwenye mwanga. Binti yake alikuwa ameinamia jiko la gesi mbele ya hema. Alipogeuka kuchukua chumvi, akamwona baba yake ameushika ule mfuniko kwa mikono miwili kama anayesoma gazeti, anaulamba kuanzia ukingoni hadi katikati, masizi na yote.

Akamuuliza kama ana njaa. Mzee akajibu kuwa baridi ya huku juu inaleta njaa, akafuta mdomo kwa mkono wa koti. Kitambaa chake kilikuwa mfukoni, kimekunjwa vizuri, hakukigusa.

Safari ile ilikuwa wazo la binti. Mama yao alikuwa amefariki miezi minane iliyopita, na tangu hapo Mzee alishinda chumbani, mapazia yamefungwa, akisikiliza saa zake zikigonga. Binti alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji. Akamshawishi kaka yake, fundi wa majokofu, afunge karakana kwa siku nne, aazime mahema mawili, wampandishe baba mlimani akavute hewa. Kaka alikubali shingo upande.

Kambi ilikuwa juu kabisa ya msitu, mahali gari hupanda likikohoa na masikio huziba. Miti ya huko ni mifupi, imejipinda, na matawi yake yanachuruzika ndevu za kijani zilizolowa. Ikifika saa kumi alasiri ukungu unaingia, na mtu aliyesimama hatua ishirini anageuka kivuli. Wiki ile hapakuwa na wageni wengine. Palikuwa na mlinzi wa lango, na mwanamke wa makamo aliyesafisha vyoo na mabafu, ambaye mlinzi alimwita Mama Ndoo kwa sababu hakuonekana bila ndoo.

Walipofika mabomba yalikuwa yameganda. Mzee alitaka kusuuza meno yake ya bandia baada ya safari, akajitupia taulo begani, akaingia nyuma ya miti. Alikawia. Aliporudi alisema amepata maji yaliyotuama kwenye shimo la mzizi, maji matamu ajabu. Ilikuwa saa nane mchana. Saa kumi na moja ndipo alipolamba mfuniko.

Usiku ule Mzee alilala hema moja na mwanawe wa kiume. Kulipopambazuka kaka alikuwa ameketi ndani ya gari, vioo vimefungwa, macho mekundu. Alimwambia dada yake kwamba baba alianza kutafuna mara tu taa ilipozimwa, wala hakujua anatafuna nini. Ilikuwa sauti ya kitu chenye maji, kinatafunwa, kinatemwa, kinarudishwa mdomoni. Akasema pia kuna harufu. Hakuweza kuieleza.

Muuguzi alimwona kaka yake anadeka. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa wodini. Alishafungua bandeji zilizokaa wiki nzima, alishasafisha vidonda vyenye funza huku akimsimulia mgonjwa habari za mpira, kisha akaenda kula chakula cha mchana bila wasiwasi. Wenzake walimwita Tumbo la Chuma. Akavuta zipu ya hema, akaingiza kichwa.

Harufu ile haikuwa ya usaha wala ya choo, wala ya damu iliyolala, maana hizo zote alizijua kwa majina. Ilikuwa kama nywele mbichi zilizoloweshwa kwenye maziwa na kusahauliwa. Kuta za hema zilikuwa zimelowa, na alipozigusa vidole vilinata. Yalikuwa mate. Yalikuwa yamepakwa kutoka sakafuni hadi juu, na mistari ya ulimi ilionekana. Katikati ya hayo yote baba yake aliketi kimya ndani ya mfuko wa kulalia, akimtazama kwa upole.

“Mwanangu,” akasema, “unanionea kinyaa?”

“Hapana, baba.”

Mzee akatabasamu, na meno yake yalikuwa na kitu cheusi katikati, kama uzi. Muuguzi akajikuta amerudi nyuma hatua moja bila kukusudia. Aliporudi nyuma, macho ya yule mzee yakang'aa kama ya mtu aliyepewa alichokuwa akikingoja.

Siku ile nzima mambo yakazidi. Walipomwekea uji hakuugusa, akangoja mafuta ya nyama ya jana yaliyoganda kwenye sufuria, akayachota kwa vidole vitatu na kuyameza kama yalivyo, meupe na mazito. Walipofunga sanduku la vyakula akaanza kugeuza magogo, akaokota konokono wasio na magamba, wale wa kijivu, akawa anawaweka mdomoni mmoja mmoja na kuwaachia watembee kabla ya kuuma. Na kila alipomaliza jambo moja aliinua uso na kuuliza swali lile lile, kwa sauti ile ile ya baba yao, ya mtu mpole anayeogopa kusumbua: mnanionea kinyaa? Kaka akaacha kujibu, akawa anakaa mbali, kola ya sweta imefunika pua. Muuguzi alijibu hapana kila mara, na kila mara shingo yake iligeuka upande kabla ya neno kutoka. Kila ilipogeuka, harufu iliongezeka.

Alasiri kaka alimvuta kando nyuma ya gari. Akasema kwa mnong'ono kwamba yule si baba. Baba amekwisha, kilichobaki ni uchafu umevaa koti lake. Yeye ana watoto nyumbani, hawezi kukibeba kitu kile kwenye kiti cha nyuma. Washuke wao wawili, waripoti langoni, wenye kazi yao waje wamchukue.

Muuguzi hakumkaripia. Kilichomtisha ni kwamba wazo lile lilimpa nafuu. Alijiona yuko nyumbani, ameoga kwa maji ya moto, na baba yake yuko kule juu kwenye ukungu, mbali, asiyenusika. Akaona aibu hadi masikio yakawaka.

Wakati wanaongea hivyo, Mama Ndoo alipita na dekio lake akielekea mabafuni. Akasimama. Alimtazama Mzee aliyekuwa amekaa kwenye meza ya mbao, kidevu kinang'aa utelezi, akaweka ndoo chini na kwenda kuketi karibu naye, bega kwa bega, bila kuziba pua. Mzee akamuuliza swali lake. Mama Ndoo akamjibu kwamba anasafisha vyoo vya watu tangu hajaolewa, atafute mwingine wa kumtisha. Mzee akafinyaa kidogo, kama godoro la upepo lililotobolewa.

Kisha yule mama akawafuata kando na kuuliza mzee wao alikunywa wapi. Walipomweleza habari za shimo la mzizi na meno, akavuta pumzi ndefu. Alisema ni jini la msituni, la zamani kuliko kambi. Halina nguvu ya kumwua mtu. Linamfanya achukize tu, mpaka watu wake wenyewe wamwache, na akishaachwa ndipo linamla taratibu, kwa sababu hakuna tena anayemdai. Miaka ya nyuma familia moja ilishuka na kumwacha shangazi yao hapo, wakisema wanakwenda kuleta msaada. Mama Ndoo mwenyewe ndiye aliyesafisha bafu alimokutwa. Hakusema alikuta nini. Alisema tu kwamba alitumia ndoo kumi na moja.

“Linatolewaje?” Muuguzi akauliza.

“Mtakula naye. Sahani moja, mkono kwa mkono. Atakachotoa mdomoni mwake, mtaweka midomoni mwenu na kumeza, na uso msiugeuze. Ukitema, basi.”

Kaka akasema haiwezekani. Mama Ndoo akasema si lazima wawe wawili, mmoja akiweza baba atapona. Halafu akaongeza, kama anayejisemea, kwamba wawili ni bora.

Kwanza alimwosha. Alichemsha maji kwenye jiko lao, akamvua Mzee koti na shati katika ubaridi ule, akamsugua shingo na makwapa na katikati ya vidole akisoma maneno yake kwa sauti ya chini, na maji yaliyodondoka yalikuwa mazito kama makamasi. Kisha akapika wali mweupe, hata chumvi hakutia, akaupakua kwenye sahani ya bati na kuiweka mezani. Ukungu ulikuwa umeshashuka mpaka kwenye nguzo za meza. Wakaketi, Mzee katikati, watoto wake pande mbili, na Mama Ndoo akasimama nyuma yake na mikono yake miwili mabegani.

Mzee alitia tonge mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu mno, huku akimtazama binti yake bila kupepesa, halafu akafungua mdomo juu ya sahani na kuliachia lishuke lenyewe, na lililoshuka halikuwa wali tena, lilikuwa donge la kijivu lenye uzi wa mate uliokataa kukatika, na ndani yake zilionekana nywele, ndefu, nyeusi, ambazo si za yeyote aliyekaa pale, na kipande cha konokono ambacho bado kilijikunja na kujikunjua, na ile harufu ya maziwa na nywele ikapanda kutoka kwenye sahani ikiwa ya moto, ikamwingia Muuguzi puani na machoni na hadi kwenye mizizi ya meno yake.

“Mwanangu,” Mzee akasema. “Unanionea kinyaa?”

“Ndiyo, baba,” akasema. “Sana.”

Akachota donge lile kwa vidole vitano, akalitia mdomoni.

Lilikuwa vuguvugu. Lilisogea. Nywele zikajizungusha kwenye ulimi wake na nyingine zikashuka kabla ya kumezwa, zikimtekenya kooni huku ncha zake zikiwa bado mdomoni, na kile kipande cha konokono kikajishika kwenye ufizi wa juu, ikabidi akisukume kwa ulimi, na muda wote huo hakuuondoa uso wake usoni kwa baba yake. Akameza. Tumbo likarudisha, chakula kikajaa mashavuni, akafumba midomo, akameza tena. Machozi yalimtoka, lakini shingo haikugeuka.

Mama Ndoo akamwambia kaka kwamba ni zamu yake. Kaka alinyoosha mkono, akaugusa wali kwa ncha ya kidole kimoja, na papo hapo akaruka kutoka kwenye benchi na kutapika kwenye majani.

Wakati uleule Mzee alianza kukohoa. Alikohoa mpaka mishipa ikamsimama, Mama Ndoo akampiga kati ya mabega kwa kiganja, mara moja, mara mbili, na ya tatu meno ya bandia yakaruka kutoka kinywani yakaanguka mezani. Yalikuwa yamesukwa nywele kama kikapu. Kutoka kwenye nywele hizo kikachomoka kitu kirefu cha kijivu, laini, mfano wa ulimi usio na mwenyewe. Kikateleza ubaoni, kikadondoka chini, kikaenda kwa kasi upande alikokuwa kaka amepiga magoti juu ya matapishi yake. Ukungu ulikuwa mzito. Mama Ndoo aliwahi na dekio, akapiga majani, akapiga tena, akainama kutazama.

“Kimekwenda wapi?” akamuuliza kaka.

Kaka akasema hakuona kitu. Alikuwa anafuta mdomo.

Pale mezani Mzee alikuwa analia. Mdomo wake mtupu ulikuwa umebonyea, akiangalia mikono yake iliyochafuka kwa udongo, akaomba kitambaa. Binti akakichomoa mfukoni mwa koti na kumpa, kisha akamkumbatia na kuegemeza shavu kwenye shingo yake. Ilinuka sabuni tu.

Walishuka mlima kabla ya giza. Kaka aliendesha, dirisha wazi kwenye baridi ile, na kila penye kona alijimiminia kitakasa mikono. Yale meno Mama Ndoo aliyachoma, akayafukia.

Mzee alitengenezewa mengine. Akafungua mapazia. Jumapili alianza kwenda kula kwa binti yake, na walikula sahani moja, ingawa hakuna aliyelazimisha. Kaka hakuja hata mara moja. Alikuwa na kazi nyingi, alisema kwenye simu.

Wiki ya saba wifi yake alimpigia Muuguzi saa sita mchana, akiongea polepole kama mtu aliyejificha. Alisema mumewe hali tena mezani. Anajifungia bafuni na mabaki ya jana, anatoka baada ya saa nzima, na kuta za bafu zinanata. Watoto wamehamia kwa jirani. Na kuna swali analomuuliza, kila mara, kwa upole sana, na yeye hajui tena amjibu nini.

Muuguzi akamwuliza kama yeye mwenyewe bado yumo nyumbani. Wifi akasema yumo, hajaondoka. Ila leo amepakia nguo zake.

“Usiondoke,” Muuguzi akasema. “Na usiende karibu.”

Alivua sare, akapitia kwa baba yake, wakaenda pamoja kwa teksi, Mzee akiwa amepakata chungu cha wali kilichofungwa kwa taulo. Walisikia kutafuna kabla hawajafika kwenye mlango wa bafu. Chini ya mlango palikuwa na unyevu, na ile harufu. Kinyaa kilimjia Muuguzi kama siku ile ile, bila huruma, lakini shingo haikugeuka.

Mzee akashusha chungu sakafuni, akajikunja kwa taabu mpaka akakaa kwenye vigae vilivyolowa, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole.

“Fungua, mwanangu,” akasema. “Mimi na dada yako tumekuja kula.”

Kutafuna kukakoma. Kitasa kikaanza kuzunguka.