Ukuta Uliokataa Lipu

Mimi na mume wangu ni madobi. Kutwa tunafua, tunanyunyiza maji, tunapiga pasi. Kwetu hakuna kisichowezekana kwa sabuni, au ndivyo tulivyodhani.

Mwaka huu mama mkwe alianguka akiwa peke yake nyumbani kwake. Tukaamua aje kuishi nasi. Tuligawa sebule kwa bodi za saruji ili apate chumba. Mama ana pumu, na alitupa sharti moja: "Vumbi likinibana kifua, narudi kwangu siku hiyo hiyo."

Mume wangu aliziosha bodi kwa sabuni ya unga, povu tele, kama shuka za hoteli. Kusuuza alisuuza juu juu tu. Zilipokauka tukapaka lipu nyembamba. Siku ya tatu ikaanza kubanduka. Tukakwangua, tukaongeza sabuni, tukapaka tena. Ikabanduka tena! Safari hii kulikuwa na nyufa pia, zimenyooka kama zimepigwa rula.

Nilichanganyikiwa. "Ukuta msafi kuliko sahani zetu. Unataka nini tena?"

"Labda lipu ni mbovu," alisema mume wangu. "Au maji. Au mimi."

"Hapo sibishi," nikamjibu.

Tulimwita jirani yetu, mwanamke ambaye ni fundi wa lipu. Aligusa ukuta, akanusa kidole.

"Shemeji, umeufua ukuta?"

"Nimeufua vizuri sana!"

"Basi sabuni imebaki juu kama utando. Lipu imeshika utando, haikushika bodi."

Akachukua kipande cha bodi kilichobaki, akadondoshea maji. Tone lilinywewa papo hapo.

"Mnaona? Tena bodi yenyewe ina kiu. Inafyonza maji ya lipu kabla lipu haijashika."

Mume wangu alishadaka kopo la kunyunyizia. "Basi tuiloweshe!"

"Weka chini hilo! Maji yakikauka, kiu inarudi. Inataka praima ya kuta za saruji, ile ya kupaka kwanza kuzima kiu."

"Na hizi nyufa?" niliuliza.

"Hapo bodi mbili zinakutana. Hamkuweka utepe."

Tukaanza upya. Tulifungua madirisha, tukafunika pua na mdomo, tukakwangua lipu yote. Tulisuuza bodi kwa maji matupu mpaka povu likaisha, tukaziacha zikauke kabisa. Fundi alizamisha skrubu zilizochomoza. Kwenye viungo alibandika utepe wa wavu, akaufunika kwa lipu ya viungo. Ilipokauka, akafuta vumbi, akapaka praima.

"Praima ni kama wanga wa nguo?" niliuliza.

"Chukulia hivyo, mradi usiipige pasi."

Kesho yake, praima ikiwa kavu, ndipo akapaka lipu nyembamba.

Wiki mbili zikapita bila kipande kubanduka. Mama akaja na mfuko mmoja tu wa nguo, tayari kuondoka. Asubuhi iliyofuata sikusikia kikohozi. Nikaogopa kwamba ameshaondoka, nikaingia chumbani. Alikuwa ameketi kitandani, anapapasa ukuta.

"Mwambie mume wako akaniletee vitu vyangu kutoka kule kwangu."

"Vitu gani, mama?"

"Vyote."