Wanja wa Ijumaa

Kila Ijumaa Inshirah alipaka wanja. Alianza wiki aliyoolewa, na sasa ana miaka sitini na minane. Mume wake, Sheikh Metwalli, akirudi kutoka msikitini husimama mlangoni na kusema maneno yale yale.

"Lo! Macho hayo, Inshirah, yatanimaliza!"

"Hujamalizika tu?" Inshirah hujibu. "Ingia ule."

Majirani wa ghorofa ya chini, pale mjini Tanta, huwasikia na kucheka. Wazee wale wanapendana, jamani.

Sheikh Metwalli alifundisha watoto Kurani miaka arobaini. Yeye mwenyewe aliihifadhi yote akiwa na miaka tisa. Kikipita kitu sikioni mwake, kimeshaingia kichwani.

Lakini macho yake yalianza kumsumbua. Mistari ya vigae vya jikoni aliiona imepinda. Akimtazama mtu, aliona masikio na kilemba. Usoni palikuwa na doa la kijivu.

Inshirah alimpeleka hospitali. Daktari alisema ni ugonjwa wa macho wa uzeeni. Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha. Katikati ya utando huo, mishipa midogo ilikuwa inavuja maji. Sheikh alianza kuchomwa sindano za jicho, moja kila mwezi. Alitiwa dawa ya ganzi kwanza, hakuumia sana.

"Sindano hairudishi ujana," daktari alisema. "Inaweza kuzuia macho yasizidi kuharibika. Wengine huona vizuri zaidi kidogo. Tutapima, tutajua."

Baada ya sindano ya tatu, Sheikh alipimwa. Ukutani palikuwa na ubao wa duara zenye pengo. Mtu huonyesha kwa mkono pengo liko upande gani. Sheikh alionyesha zote, hata zile ndogo kabisa! Mashine ya kupiga picha ya jicho ilikuwa mbovu mwezi ule, kwa hiyo daktari aliuamini ubao. Alisema sindano nyingine isubiri miezi mitatu. Inshirah alirudi nyumbani akagawa sharubati jengo zima.

Ijumaa iliyofuata Inshirah alishikwa na mafua. Macho yalimwasha, hakupaka wanja.

Sheikh akasimama mlangoni. "Lo! Macho hayo, Inshirah, yatanimaliza!"

Inshirah aliweka mwiko chini. "Sheikh, wanja wangu leo ukoje?"

"Umekolea! Kama siku ya harusi."

"Mwongo wee!" Machozi yalimtoka. "Sijapaka! Leo sijapaka kitu!"

Sheikh alipapasa kiti, akakaa.

"Na ule ubao?" Inshirah akauliza. "Mbona ulionyesha zote?"

"Tulikaa benchi la nje," alisema polepole. "Mlango ulikuwa wazi. Watu wanne walipimwa mbele yangu, na mpimaji alikuwa akiwajibu kwa sauti. Juu, ndiyo. Kulia, ndiyo. Chini, chini, kushoto... Yakaingia kichwani. Si unanijua?"

"Umehifadhi ubao wa hospitali!"

"Ulikuwa umeshika tasbihi, unaniombea. Nilitaka ufurahi, basi."

Inshirah hakujua acheke au ampige. Alimkumbatia kichwa, akalia juu ya kilemba chake. Asubuhi ya Jumamosi alimshika mkono, wakarudi hospitali.

Mpimaji macho, binti aitwaye Shahenda, aliwasikiliza mpaka mwisho. Kicheko kilimtoka, akajizuia.

"Baba Sheikh, hili halijawahi kunitokea! Na mimi nina kosa, nilipaswa kufunga mlango. Lakini nisikilize. Ubao huu si mtihani wa darasani. Hakuna kufaulu wala kufeli. Ndiyo njia yetu ya kujua kama sindano inakusaidia. Ukisema unaona na huoni, daktari anasogeza sindano mbele. Huko nyuma ya jicho maji yanazidi kuvuja. Kinachopotea kinaweza kisirudi tena."

"Kwa hiyo nikisema sioni, sitawaudhi?"

"Utakuwa umetusaidia."

Alifunga mlango. Alitundika ubao mwingine. Sheikh alivaa miwani yake, akafunikwa jicho moja, kisha la pili.

"Kulia. Juu." Akashusha mkono. "Hapo sioni, binti yangu."

Jicho lililokuwa bovu zaidi liliona mistari miwili tu ya ubao. Inshirah aliuma kona ya mtandio wake. Mashine ya picha ilikuwa imeshatengenezwa, na picha ikaonyesha maji. Sheikh alichomwa sindano siku ile ile.

Shahenda aliwapa kadi yenye miraba na nukta katikati. "Bandikeni kwenye friji. Kila asubuhi, Baba Sheikh, vaa miwani, funika jicho moja, tazama nukta. Halafu jicho la pili. Mistari ikipinda zaidi, au ukaona doa jipya, msingoje siku ya miadi. Njooni mara moja."

Kuanzia hapo, kila asubuhi kabla ya chai, Inshirah alimsimamisha mbele ya friji. "Haya, Sheikh, sema kweli!" Naye alisema kweli.

Miezi mitatu ilipita, na sindano tatu nyingine. Jicho la mistari miwili liliona minne. Herufi ndogo za msahafu bado zilimshinda, na Shahenda hakumficha kwamba huenda zitamshinda daima. Ila doa lilikuwa limepungua.

Ijumaa moja Inshirah alikaa mbele ya kioo na kichupa chake cha wanja. Alipaka jicho la kulia. La kushoto akaliacha. Hakumwambia mtu.

Sheikh Metwalli akasimama mlangoni. "Lo! Macho ha..."

Akasogea karibu. Akamshika kidevu, akamgeuza taratibu kwenye mwanga wa dirisha.

"We mwanamke," alisema, "mbona jicho la kushoto umelisahau?"

Inshirah alimwangukia kifuani. Wanja ulitapakaa kwenye kanzu nyeupe.

"Nilikuwa nakupima," alisema huku analia.

"Nimeona vizuri?"

"Umeona. Ingia ule."