Godoro la Sebuleni

Kwa miaka minane Agnela alitandika vitanda vya watu wengine. Hoteli aliyofanyia kazi ipo upande wa Engutoto, na kila asubuhi alivuta shuka, akakunja pembe, akapiga mito, akapitisha kiganja juu ya kitanda mpaka kikalala kama maji yaliyotulia. Magodoro yale hakuwahi kuyalalia hata mara moja. Kwa hiyo siku aliponunua la kwake, jipya, la springi, futi sita kwa sita, la aina ileile ya hotelini, alijiona amepata haki yake ya siku nyingi.

Lilifika nyumbani kwake Moshono Jumatano mchana, juu ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, likiwa bado ndani ya nailoni. Agnela alikuwa likizo. Mumewe Ludovick, dereva wa watalii, alikuwa Serengeti na wageni mpaka Jumamosi. Mama mkwe wake, Evaresta, aliyeshuka kutoka Kibosho kuja kutibiwa magoti na sasa alikuwa na miezi minne hapo nyumbani, alikuwa ameenda kwenye sala ya jumuiya.

Wapakuzi wawili walilibeba hadi kwenye korido, wakakwama pale korido inapokata kona.

"Likunjeni," Agnela alisema.

"Hili halikunjwi, dada. Siyo sponji hili. Ukilikunja umeliua."

Njia iliyobaki ilikuwa dirisha la chumbani, nalo lilikuwa na nondo. Fundi Aminiel alipopigiwa simu alisema atakuja kuzikata Jumamosi, si kabla. Basi wakatoa makochi na meza barazani, wakalilaza godoro chini katikati ya sebule, wakaenda zao.

Agnela alisimama akilitazama. Alichokiona yeye ni hoteli. Hakuona kile ambacho mtu yeyote wa mtaa ule angekiona tangu barabarani: makochi nje, godoro sakafuni, mlango wazi. Nyumba ikikaa hivyo, watu hawaulizi kuna nini. Wanauliza ni nani.

"Mke wa Ludo, nani kafa?"

Evaresta alikuwa getini, khanga keshaishusha kichwani, na nyuma yake wanawake watatu wa jumuiya. Miezi minne yote hakuwahi kumwita Agnela kwa jina.

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni godoro langu la kulalia."

"La kulalia, sebuleni?" Evaresta akawageukia wenzake. "Mnayaona? Mimi nimezaa saba juu ya majani makavu ya migomba. Huyu hajazaa hata mmoja, anataka kulala kama Mzungu."

Wanawake wakacheka. Agnela alikuwa amemeza mengi tangu mwezi wa kwanza, lakini hili lilikwama kooni.

"Basi ni msiba, mama," akasema. "Ila mwenyewe bado hajafa. Tunamsubiri."

Alisema hivyo akimtazama usoni, macho kwa macho.

Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba. Evaresta alipita kando ya godoro akijishikilia ukutani, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Kwa mara ya kwanza tangu aje, hakutoka kula.

Alhamisi saa tatu asubuhi Agnela alikuwa akipiga deki jikoni. Alipoinua macho, kulikuwa na mwanamke kwenye mlango wa sebuleni. Mnene, khanga mbili, uso wa mtu unayedhani umeshamwona mahali. Alivua ndala zake, akaingia.

"Tumesikia mnamsubiri," alisema kwa sauti ya chini.

"Samahani, dada, ule ulikuwa utani. Hakuna msiba hapa."

"Bado?"

"Bado nini?"

"Basi tutakaa."

Akakaa ukingoni mwa godoro, akanyoosha miguu, akafunika magoti kwa khanga. Mtu aliyekuja msibani humfukuzi, hata kama msiba haupo. Agnela akaenda kuchemsha chai, na aliporudi na kikombe, wanawake walikuwa wanne.

Chai hawakuinywa. Walikaa wamezunguka godoro, nyuso zikitazama katikati.

Jirani yake, Mama Sifaeli, alipita kuazima kinu. Alisimama mlangoni akitazama chini.

"Viatu vya nani hivi? Mbona vina tope, na mvua haijanyesha mwezi wa pili sasa?"

"Vya hawa," Agnela alinong'ona, akaonyesha kwa kidevu.

Mama Sifaeli akachungulia sebuleni. Akatazama godoro pembe hadi pembe. Kisha akamtazama Agnela kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Kina nani, mwenzangu?"

Kinu hakukiazima tena.

Jua liliposhuka nyuma ya nyumba waliondoka, mmoja mmoja, kimya. Agnela akalishika godoro apate kulisukuma nje. Mchana wa jana wanaume wawili walilibeba wakipiga soga. Sasa halikusogea hata kidole. Alivuta mpaka kucha ikang'oka. Akampigia Ludovick. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

Chumbani, Evaresta alikuwa amelala chali, macho wazi. Agnela alimgusa mguu akimfunika. Mguu ulikuwa baridi kama bomba la asubuhi.

"Wamefika wangapi?" mama mkwe akauliza.

"Wanne."

"Umewaita mwenyewe, mke wa Ludo. Umewaita kwa mdomo wako."

Ijumaa walikuwa sita.

Agnela hakuwaona wakiingia. Aliona jozi sita za ndala mlangoni, tope jipya, jeusi, la chini sana ardhini. Alisimama kwenye mlango wa jikoni, na hapo ndipo alipogundua kitu kilichokuwa kikimsumbua tangu jana. Godoro bado lilikuwa na nailoni yake. Nailoni ile ukiigusa kwa kidole inalia. Wanawake sita wazima walikuwa wameikalia, wakisogea, wakipeana nafasi, na haikutoa sauti.

Yule mnene akageuza shingo.

"Njoo ukae, mama. Nafasi yako hii." Akapiga kiganja katikati ya godoro. Kimya. "Mfiwa ndiye anakaa hapa. Ukikaa tu, imekwisha. Utapumzika."

"Nani atakuwa amekufa?"

"Uliyemtaja kwa macho."

Ndani, Evaresta alikohoa. Kikohozi kifupi, cha mtu asiye na pumzi ya kutosha kwa kirefu.

Agnela angeweza kusema sikutaka. Baadaye alijaribu kujiambia hivyo. Lakini miguu yake ilikuwa imesimama miaka minane. Alifikiria nyumba bila fimbo ya mama mkwe ikigonga korido. Alifikiria meza ya chakula bila neno "tasa" likizunguka kama nzi. Alifikiria godoro lake, chumbani kwake, mlango umefungwa. Wanawake wakasogea, wakamfungulia njia. Akapanda kwa magoti. Nailoni ikalia chini yake, yeye peke yake. Akageuka. Akaanza kushusha makalio.

Mlango wa chumbani ukafunguka.

Evaresta alikuwa amesimama kwenye korido, miguu mitupu, hana fimbo, kiganja ukutani. Alikuwa amemwona. Alikuwa ameona magoti yaliyokunjwa na mikono iliyotangulia kutafuta pa kukalia.

"Toka hapo," alisema.

Agnela akashuka. Bibi kizee akaja, hatua moja, hatua nyingine. Akapita kati ya wanawake. Akakaa katikati ya godoro, akanyoosha miguu yake ya baridi, akajifunga khanga kichwani.

"Mfiwa ni mimi," akasema.

Wanawake sita wakatazamana.

"Pole, mama," yule mnene akanong'ona. "Umefiwa na nani?"

Evaresta alimtafuta Agnela kwa macho, akampata pale alipojibanza kwenye mlango wa jikoni, akamshika kwa macho hayo.

"Bado hajafa," akasema. "Tunamsubiri."

Vichwa sita vikageuka. Vyote. Pamoja.

Walimtazama Agnela kwa muda wa kutosha kumkariri. Kisha wakainuka, wakavaa ndala zao. Kila aliyepita alimpa mkono, kama wapeanavyo watu msibani, na kila mkono ulikuwa baridi kuliko uliotangulia.

Jumamosi Aminiel alikata nondo. Godoro likapita dirishani jepesi kama mto. Ludovick alirudi na vumbi la Serengeti kwenye kope, akachana nailoni mwenyewe, akalala mchana kutwa akikoroma. Evaresta alikula ndizi sahani mbili, akasema magoti yamepona, apelekwe Kibosho kesho yake. Pale getini alimshika mkwewe mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Ulale vizuri, Agnela," akasema.

Ni miezi mitatu sasa. Agnela analala kwenye mkeka, chini, upande wa dirisha. Amemwambia mumewe kwamba mgongo wake hautaki kitu laini. Ludovick hujilalia upande wake, akisifia kila asubuhi. Upande wa pili haujawahi kulaliwa na mtu, lakini Agnela huutandika, maana mikono imezoea: anavuta shuka, anakunja pembe, anapitisha kiganja.

Na kila asubuhi kiganja kinakuta mabonde ukingoni, mapana, ya watu waliokaa wametazama ndani. Yalikuwa sita. Siku za Pasaka yakawa tisa. Juzi alihesabu kumi na manne, yamebanana, kama nyumba inapoanza kujaa watu wa mbali. La mwisho liko karibu na mto. Kando yake pana alama ya kiganja, ya mtu aliyejishikilia ili akae taratibu, magoti yakimsumbua.

Katikati, godoro bado liko sawa. Wamemwachia Agnela nafasi ya kulala.